"Amefunga ndoa, mkanda na mdomo": tamathali hii inaitwaje kwa Kiswahili?

#1 Kipepe
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kwenye harusi Tabata. Keki ilipokwisha kulishwa, MC akashika kipaza sauti: "Kuanzia leo kijana wetu amefunga ndoa, mkanda na mdomo." Ukumbi ukalipuka. Meza yetu ilikuwa na mwalimu mstaafu, yeye hata meno hakuonyesha. Akasema kitenzi kimoja hakibebeshwi maana tatu kwa mkupuo, MC alitakiwa kurudia "amefunga" kila mara, vinginevyo ni uzembe wa sarufi. Nikamjibu kwamba hiyo ni tamathali ya semi kama tamathali nyingine. Akaniuliza, "Inaitwaje?" Nikaomba chumvi.

Tashibiha, sitiari, tashihisi na mubalagha tulikaririshwa. Hii ya neno moja kutumika kwa maana mbili tatu papo hapo sikumbuki kuifundishwa. Nami nadai Kiswahili kina utajiri wa ajabu hapa kwa sababu ya vitenzi kama funga, piga, kula na panda. Wajuvi, inaitwaje, na je, ni Kiswahili fasaha?

#2 Mzee wa Kona
Ngoja waje. Nimekaa pale.

#3 Ticha Kakamega
Hamjambo nyote. Huku Kenya neno lenye maana zaidi ya moja tunaliita kitawe. Vitawe, vitate (maneno ya matamshi yanayokaribiana) na visawe (maneno ya maana moja) ni mambo ya kila siku darasani, na mtahiniwa huambiwa atunge sentensi kudhihirisha maana mbili za neno fulani. Basi kila mwaka nasahihisha "Paa alipaa juu ya paa". Paa gani huyo mwenye mabawa? Mtoto anapata alama zake, lakini si sanaa hiyo. Kwa hivyo nakubaliana nusu na huyo mwalimu mstaafu: kuwa na neno lenye maana nyingi si sawa na kuwa na tamathali.

#4 Baharia Mstaafu
Sisi watu wa pwani hatuhitaji jina. "Ali alivua samaki, akavua shati, akavuliwa na cheo." Mnataka nini tena?

#5 Kipepe
@Baharia Mstaafu, wewe umerudia kitenzi mara tatu. Mwalimu wangu hilo angelipitisha. Ugomvi ni pale kitenzi kinapotajwa mara moja tu: "Ali alivua samaki na shati."

#6 Baharia Mstaafu
Sasa hapo shati limenaswa na nyavu au alikuwa amelivaa?

#7 Abu Hilal
Assalaam alaykum. Jina lipo, tena la siku nyingi. Ni jinasi. Tumelipata kwa Waarabu, ambao katika elimu ya balagha (ufasaha wa usemi) wanagawa jinasi kamili (matamshi sawasawa, maana tofauti) na jinasi pungufu (matamshi yanakaribiana). Mfano unaotolewa katika kila darasa la balagha ni Surat Ar-Rum aya ya 55: siku itakaposimama *Saa*, wakosefu wataapa kwamba hawakukaa ila *saa* moja. Saa ya kwanza ni Kiyama, ya pili ni muda. Bahati nzuri Kiswahili kimelirithi neno lenyewe, kwa hiyo hata katika tafsiri mchezo unabaki.

Jinasi pungufu mnayo katika methali mnazozisema kila siku: *hasira hasara*. Irabu moja tu imebadilika.

#8 Bint Kisauni
Shukran sheikh. Ila jinasi yako kamili inategemea nani anasema. Kwetu Mombasa, *paa* mnyama na *paa* la nyumba hazitamkwi sawa. Ya mnyama ina pumzi, p'aa. *Kaa* wa baharini ni k'aa, *kaa* la moto halina pumzi. *Chungu* wa kutambaa ni ch'ungu, cha kupikia ni chungu. Mtu wa bara akiniletea "kaa amekaa juu ya kaa" anacheka peke yake, mimi nasikia maneno tofauti kabisa.

Lawama iende kwa waliosanifisha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukashika Kiunguja kuwa msingi, mwaka 1930 ikaundwa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na tahajia ikatoka bila alama ya pumzi. Kwenye karatasi yote yakawa sawa. Kwa hiyo nusu ya jinasi zenu zimezaliwa na wino, si na ulimi.

#9 Mzee wa Kona
Bint Kisauni kaja na ch'ungu wake, sasa tutawashwa mpaka asubuhi.

#10 Fundi Isimu
#8 umegusa penyewe. Niongeze mkazo. *Barabara* ya magari mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida: barabÁra. *Barabara* ya "sawasawa" mkazo unasogea nyuma: barÁbara. Ukiandika "fundi ameitengeneza barabara" msomaji hajui kama kuna lami au kuna sifa. Ukiisema, utata umekwisha.

Lakini turudi kwenye swali. Hapa tunachanganya vitu viwili. Kuna maneno mawili yaliyogongana sura tu (kaa la moto, kaa wa pwani), na kuna neno moja lililotanuka maana. Kamusi nazo huyatenga: fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, utakuta kaa¹, kaa² na kuendelea, kila moja na kidahizo chake (neno kuu linalofafanuliwa). Lakini maana zilizotanuka huwekwa chini ya kidahizo kimoja kwa namba za ndani. *Funga* ya ndoa, mkanda na mdomo ni neno moja lililotanuka. Kiini ni kile kile cha kukaza kitu kisifunguke. Kwa hiyo MC hakucheza na maneno matatu, alicheza na neno moja lenye matawi. Mimi nasema hiyo si jinasi.

#11 Abu Hilal
Kama si jinasi ni nini?

#12 Fundi Isimu
Wagiriki waliiita zeugma, kwa maana ya kuunganisha au kufunga nira: kitenzi kimoja kinavutishwa vitu viwili visivyolingana. Waingereza wana mfano wao wa karne ya 18 kwa Alexander Pope, ambapo Malkia Anne hupokea ushauri na mara nyingine chai. Utaona kitenzi kimoja, kitu kizito na kitu chepesi, na kicheko kinatoka kwenye ule mteremko. MC wa Tabata kafanya vile vile: ndoa (zito), mkanda (nusu nusu), mdomo (kicheko). Angeanza na mdomo akamalizia na ndoa watu wangepiga makofi ya heshima tu.

#13 Shangazi wa Kariakoo
Kwa hiyo tumekuja kuuliza jina la Kiswahili tukapewa la Kigiriki. Asanteni.

#14 Mwana wa Manzese
Mbona wote mnajifanya hamuoni mpira? Tarehe 5 Novemba 2023, baada ya mechi ya Yanga (Wananchi) na Simba (Mnyama), mtaani kwetu watu walisema "Wananchi wamekula, Mnyama kala tano". Kitenzi kimoja, mmoja kashiba na mwingine kashibishwa. Jina la tamathali: 5-1.

#15 Damu Nyekundu
@Mwana wa Manzese uzi wa lugha umeugeuza kijiwe. Mods mko wapi?

#16 Fundi Isimu
Msimfukuze, kaleta data nzuri bila kujua. Linganisha:

Simba imefungwa.
Simba amefungwa.

Ya kwanza haiwezi kuwa mnyama, ni timu. Ya pili inaweza kuwa mnyama kafungwa kamba, au timu inayotajwa kama mnyama. Na *fungwa* yenyewe ina kamba, ina jela, ina mabao. Sema "kocha amefungwa" uone watu watakavyouliza: mechi gani au miaka mingapi?

Ndiyo maana nasema upatanisho wa kisarufi ni adui wa mchezo huu kwenye nomino. Mwingereza anaweza kuacha nomino inaning'inia katikati ya maana mbili. Sisi kiambishi kinatutoboa siri. Uwanja wetu ni kwenye vitenzi.

#17 Mama Wawili Tanga
Nimesoma kimya, hapa lazima niingie. Mimi ni wa Singida, nimeolewa Tanga. Wiki ya kwanza ukweni mama mkwe yuko jikoni, nazi zimeshavunjwa, akaniambia: "Mwanangu, nenda kwa mama Zuhura ukaazime mbuzi." Nikaenda. Mama Zuhura alikuwa kaketi barazani anachambua mchele, nikamsalimu shikamoo, nikamwambia nimetumwa mbuzi. Akasema ingia ndani chukua. Nikaona huyu mama ana roho, mbuzi anamlaza ndani. Nikazunguka uani nikamkuta beberu amefungwa kwenye mpera, nikamfungua.

Nilivyotokeza naye kwa mama mkwe, ungo ulimwanguka mkononi. Kile kibao cha kukunia nazi sisi kwetu tulikuwa hatukitumii, nazi yenyewe tunaiona sokoni. Mpaka leo mawifi wakipika wali wa nazi wananiuliza, "Wifi, tukamfungue?"

#18 Mzee wa Kona
😂😂😂 "mbuzi anamlaza ndani"

#19 Shangazi wa Kariakoo
Dada umenimaliza. Beberu naye alikubali tu?

#20 Fundi Isimu
@Mama Wawili Tanga, pole na hongera. Ila angalia, mkweo hakuweka kiambishi cha mtendwa. Angesema "ukaiazime mbuzi" ungejua ni kifaa, "ukamuazime" ungejua ni wa miguu minne. Alisema "ukaazime" kavu. Hapo ndipo mwanya ulipo.

#21 Mama Wawili Tanga
Mkuu, nilikuwa bi harusi wa siku sita, nani anasikiliza viambishi?

#22 Otis wa Eastlands
Sisi Nairobi tumetatua hiyo shida kitambo. Mbuzi imepotea, ng'ombe imepotea, mwalimu pia saa zingine imepotea. Kila kitu ni "i". Kwa hivyo kulingana na Fundi Isimu, sisi ndio tuko na uwanja mkubwa wa kucheza na maneno kuwaliko nyinyi wasanifu 😄

#23 Ticha Kakamega
Otis, usiniharibie watoto. Ingawa kimantiki uko sawa, na hiyo ndiyo inayoniuma.

#24 Otis wa Eastlands
Tena Ticha mwambie ukweli, upande wenu na Mlima Kenya kuna mahali *kura* na *kula* ni kitu kimoja, kimatamshi na kivitendo.

#25 Ticha Kakamega
Hapo umegusa jinasi pungufu ya sheikh, na sitaongeza neno, mimi ni mtumishi wa serikali.

#26 Abu Hilal
Nimerudi baada ya Isha. Nimetafakari hoja ya Fundi Isimu katika #10 na #16. Nakubali kwamba jinasi inataka neno litajwe zaidi ya mara moja, kila kutajwa na maana yake. Kwa hiyo sentensi ya Baharia (#4) inakaribia jinasi, ya MC sivyo. Lakini msikimbilie Ugiriki. Balagha ina milango mingine miwili.

Wa kwanza ni tauria: neno linatajwa mara moja, lina maana ya karibu na maana ya mbali, msemaji anakusudia ya mbali na kujificha nyuma ya ya karibu. Askari wa barabarani anapoinama dirishani na kusema "Mzee, tangu asubuhi hatujanywa chai", hiyo ni tauria safi. Ukimpa chupa ya chai ya maziwa hutasahau safari hiyo.

Wa pili ni istikhdamu: neno linatajwa kwa maana moja, kisha kiwakilishi kinacholirejelea kinalishika kwa maana nyingine. Na hapa, Fundi, ule upatanisho unaouita adui ndio chombo chenyewe. Sikiliza:

*Mbuzi wa jirani tulimchinja mchana, na usiku tukaikunia nazi.*

"-m-" imemrudia mnyama, "-i-" imerudia kibao. Nomino moja, viambishi viwili, kila kimoja na mbuzi wake.

#27 Fundi Isimu
Sheikh... nimeisoma mara tatu. Hii naiiba, naenda nayo darasani. Lakini naomba kupinga kidogo: msikilizaji wa kawaida akisikia "tukaikunia" atadhani umekosea upatanisho, atakusahihisha kabla hajacheka.

#28 Abu Hilal
Ndiyo maana wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua.

#29 Shangazi wa Kariakoo
Na chai siku hizi Dar ina maana ya tatu, hadithi ya uongo. Kwa hiyo askari anakunywa chai, dereva akifika nyumbani anampa mkewe chai kwa nini pesa zimepungua. Na beberu wa Tanga nina wasiwasi naye pia, ile nayo isije ikawa chai.

#30 Mama Wawili Tanga
Shangazi! Njoo Tanga umuulize mama Zuhura, bado yupo hai.

#31 Malenga Chipukizi
Nimeshikwa na mori, nimetunga papo hapo:

*Mvua imekwishanyesha, mahindi nataka panda,*
*Punda amechoka sana, mlimani hatapanda,*
*Na njia siifahamu, nimefika njia panda,*
*Bei nayo ya mbolea, kila mwezi inapanda.*

Kina kimoja, neno moja, maana nne. Kazi kwenu.

#32 Baharia Mstaafu
Mizani nane nane iko vizuri. Vina vya kati vimekwenda likizo. Na hilo si shairi, ni barua ya mkulima kwenda kwa afisa ugani.

#33 Bint Kisauni
Maana ni tatu, si nne. Punda kupanda mlima na bei kupanda ni kule kule kwenda juu. Bei imeazima tu. Usihesabu mara mbili.

#34 Malenga Chipukizi
Lakini msikilizaji anapata picha mbili tofauti! Punda ana miguu, bei haina.

#35 Fundi Isimu
Wanaisimu wana kipimo cha hilo, ni hii hii sentensi ya MC. Unganisha maana mbili chini ya kitenzi kimoja uone kama inachekesha. "Punda na bei vimepanda" inaleta tabasamu dogo, maana yake zimeachana kiasi. "Nimepanda mahindi na mlima" inagoma kabisa, hayo ni maneno mawili. "Ndege na bei vimepanda" wala haichekeshi sana. Kicheko ndicho mizani.

Na hii inaua hoja ya Kipepe kuhusu *piga*. Sema: "Asubuhi alipiga deki, pasi na mswaki." Nani amecheka? Hakuna. Kwa sababu *piga* pale ni chombo kitupu, maana yote imebebwa na nomino. Kitenzi kisicho na maana yake mwenyewe hakiwezi kuwa na maana tatu. Sasa sema: "Asubuhi alipiga mswaki na mwizi." Hapo umeona? Mwizi amerudisha kipigo halisi ndani ya kitenzi, ghafla mswaki nao unaonekana umepigwa makofi.

#36 Kipepe
Fundi, basi umenipa mimi ushindi. Ikiwa kicheko ndicho kipimo, ukumbi mzima Tabata ulicheka. Kwa hiyo maana zilikuwa tatu, tofauti na ulivyosema #10 kwamba ni neno moja lenye kiini kimoja. Chagua upande.

#37 Mzee wa Kona
Naona mtu kafungwa, na si kamba.

#38 Fundi Isimu
Hahaha. Kiini kimoja, matawi matatu, narudia. Kicheko kinapima umbali wa matawi, hakipimi idadi ya mizizi. Na harusini watu hucheka kila kitu, hasa kuanzia saa nne usiku.

#39 Mkunga wa Maneno
Mimi naona wote mnatafuta mbali. Sisi wapenzi wa taarab hii tunaiita fumbo, tukamaliza. Ukichana neno vipande vipande, hii jinasi, hii tauria, hii ya Kigiriki, mipasho itakosa utamu. Na sababu ya Kiswahili kuwa na mambo haya ni ustaarabu wa kuishi pamoja uani: huwezi kumtukana jirani waziwazi kesho ukamwomba moto. Unavaa khanga yenye maneno, unapita mbele yake. Akiuliza unasema mimi nimevaa khanga tu.

#40 Bint Kisauni
Hiyo ni sababu ya mafumbo, si ya MC. MC hakuwa na wa kumficha. Bwana harusi alikuwa amekaa mbele yake.

#41 Shangazi wa Kariakoo
Ila jinasi ya ndoa iliyokamilika mmeisahau: alifunga ndoa Januari, akafunga virago Machi. Namjua mhusika, ni mimi.

#42 Mama Wawili Tanga
Pole shangazi. Mimi kwa mkwe nimefua mashuka miaka yote, dafu mpaka leo sijalifua.

#43 Ticha Kakamega
#42 hiyo ndiyo bora kuliko zote katika uzi huu. Kufua nguo, kufua nazi na kufua chuma ni kazi halisi, halafu "kufua dafu" ya nahau ikapita katikati. Sheikh, utaiweka wapi? Kitenzi kimerudiwa, kwa hiyo ni jinasi, lakini ya pili ni nahau iliyogandana, huwezi kuitenga na dafu lake.

#44 Abu Hilal
Kwa Waarabu ingeingia jinasi. Kwa Kiswahili nadhani tunahitaji kitu cha peke yake, kwa sababu nahau zetu nyingi zimejengwa juu ya vitenzi vya kila siku. Kula kiapo, kula chumvi, kula njama, kula hasara. Mtu akisema "amekula chumvi nyingi" daktari anapima presha na mjukuu anapiga shikamoo.

#45 Mwalimu Mstaafu (mgeni)
Habari zenu. Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na kijana mmoja aliyeomba chumvi mezani. Sikusema si tamathali. Nilisema MC amedondosha kitenzi pale ambapo maana imebadilika, na udondoshaji unaruhusiwa maana ikibaki ile ile: "Juma alinunua mchele na Asha sukari." Hiyo ni sarufi. Wanaojua Kiswahili watarudia kitenzi, kama alivyofanya Baharia. Nanyi mmekuja na majina matano, hakuna mawili yanayokubaliana.

#46 Kipepe
Shikamoo mwalimu! Karibu sana. Lakini angerudia kitenzi, mshangao ungetoka wapi? "Amefunga ndoa, amefunga mkanda, amefunga mdomo" ni takriri tu.

#47 Mwalimu Mstaafu (mgeni)
Marahaba. Takriri nayo ni tamathali, au mmeshaifuta?

#48 Fundi Isimu
Mwalimu, mfano wako wa mchele na sukari ni mzuri, ila jaribu "Juma alinunua mchele na Asha kesi". Sarufi imesimama vile vile, kesi haipo dukani, na kila Mswahili ameelewa. Nani amekosea?

#49 Mwana wa Manzese
Asha. Kesi hainunuliwi mwisho wa mwezi.

#50 Otis wa Eastlands
Kuna mtu anaweza nieleza *kata*? Huku ni kukata tu. Msee wa Bongo aliniambia diwani wa kata, kata ya kuchotea maji, na kata ya kichwani ya kubebea ndoo, nikadhani ananichezea.

#51 Baharia Mstaafu
Hakukuchezea, zote zipo. Mama akitoka kisimani ana kata juu ya kichwa, kata ndani ya ndoo, na yuko ndani ya kata. Diwani tu ndiye haonekani.